Siku Walipomtupa Kaname Thelujini

Kijijini kwetu msichana haoti pete. Huota siku ambayo wanaume wa kijiji watamkamata mchumba wake, wamnyanyue juujuu na kumtupa thelujini kutoka kwenye ukingo ulio nyuma ya hekalu. Mwanaume wa kuja akichukua binti wa hapa, hiyo ndiyo adhabu yake, na hakuna anayeikwepa. Kutupwa kwenyewe ni katikati ya Januari, baada ya arusi. Lakini vijana wetu hawana subira, kwa hiyo mchumba akishakubaliwa na wazazi, siku ya kwanza ya kuteleza kwa ski wanamwonjesha. Asiyekubaliwa haguswi. Mimi nilikuwa nimengoja miaka minne Kaname aguswe.

Mwaka huo siku ya kwanza ilikuja na theluji nyingi hewani na kidogo ardhini. Mlima ulikuwa bado haujashiba. Majani ya mianzi yalichomoza kila mahali, mawe nayo yalikuwa yamejificha kidogo tu, yanawasubiri wenye haraka. Mstari mmoja wa viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani ndio uliofunguliwa, ule mfupi wa viti vya watu wawiliwawili. Sisi wenyeji tulitoa ski zetu kuukuu, wa mjini wakaja na mpya zinazong'aa ili wakazikwaruze. Na mimi niliamka na furaha ya kijinga ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu.

Furaha ile ilikuwa na sababu. Wiki iliyotangulia nililiona gari la Kaname limeegeshwa pembeni mwa barabara ya kijijini, siku ambayo aliniambia yuko kazini mjini Nagaoka. Mwanamke mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilichekelea. Tangu majani yaanze kugeuka rangi alikuwa ameniahidi kwamba kabla theluji haijakaa atakwenda kuzungumza na baba yangu, basi nikaona moja kwa moja kwamba amekuja kimyakimya ili anishtukize. Halafu baba mwenyewe akazidi kunipoteza. Mzee Onozuka ana mgahawa wa tambi za soba pale chini ya mlima, na ulimi wake unakata kuliko kisu chake. Wiki ile alikuwa mpole mno. Asubuhi hiyo akaniwekea mezani glavu mpya, nyekundu.

"Hizi za nini, baba?"

"Za mikononi."

"Najua glavu zinavaliwa wapi."

"Basi usiulize. Na leo usije kuosha bakuli. Nenda ukateleze na wenzako."

"Na wateja wa mchana je?"

"Nimesema nenda, Chigusa. Nitaosha mwenyewe."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nikadhani ni haya ya baba anayejua kwamba binti yake anakaribia kuolewa. Huyu ndiye aliyekuwa akisema kila msimu kwamba mwanaume wa mjini huipenda theluji mpaka siku atakapopewa koleo. Nikawaza, kumbe Kaname amemweza. Nikazivaa zile glavu na kutoka mbio.

Tulikuwa watano, na tulikuwa tukiufungua msimu wa ski pamoja kila mwaka. Kulikuwa na Ritsu, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, anayeuza dawa mjini na anayejua siri zangu zote. Kulikuwa na Gonta, mwendesha viti vya waya, mtu wa maneno mengi na mikono mikubwa. Kulikuwa na Masumi, binti wa pekee wa kina Murakoshi, wenye hoteli ya chemchemi za maji moto pale juu. Masumi alifundishwa kuinama mbele ya wageni kabla hajajua kusoma, na uso wake huwezi kuusoma hata ukae naye mwaka. Na wa tano ndiye Kaname. Alikuja msimu mmoja na wenzake wa kazini, akakatikiwa na mkanda wa kiatu mbele ya mgahawa wetu, nikamfunga kwa kamba ya jikoni. Kuanzia hapo alikuwa akija kila wikendi, na mbele ya watu tulikuwa marafiki tu. Alitaka hivyo. "Ngoja kwanza nisimame vizuri," aliniambia, nami nilikuwa nimengoja mpaka nikazoea.

Nilipofika kwenye foleni ya viti alikuwa ameshasimama na Masumi. Theluji ilikuwa imemkaa kwenye kope. Lo, nilimpenda mtu yule. Nilipenda hata namna alivyokuwa akikunja shingo kukwepa upepo.

"Habari za asubuhi, Chigusa," alisema.

Alisema kwa adabu, kama anavyomsalimia karani wa posta. Macho yake yaligusa yangu kidogo tu, yakakimbilia kwenye ski zake.

"Nzuri. Umefika salama?"

"Salama. Barabara ilikuwa mbaya."

"Ungetangulia jana ukalala hapa."

"Alitangulia," alisema Masumi. "Amelala kwetu. Wageni wengi wamelala kwetu."

Kiti kikaja, Masumi akajisogeza ubavuni mwa Kaname, wakakaa. Sikuona kitu. Nilijiambia Masumi anaitunza siri yangu bila kujua. Kiti kilichofuata nikapanda na Ritsu.

"Unacheka nini peke yako?" Ritsu aliniuliza tulipoiacha ardhi.

"Sicheki."

"Meno yote nje, unaniambia huyo anayecheka ni nani?"

"Ritsu, kuna jambo linakuja. Sitaki kulisema mapema."

Chini yetu vijana wawili walikuwa wakisukumana kwenye theluji na kutukanana kwa furaha.

"Kaname amekupigia simu wiki hii?"

"Ana kazi nyingi."

"Nimeuliza kapiga au hajapiga."

"Hajapiga. Mbona unanihoji kama nimeiba?"

"Ungekuwa na jino bovu, ungetaka ling'olewe leo au liachwe liendelee kuoza?"

"Jino langu zima."

"Haya." Akavuta pumzi. "Tukifika juu simama na mimi. Usiteremke kwanza. Nina neno."

Lakini mimi nilikuwa na neno langu moyoni na sikutaka la mtu mwingine. Tulipofika juu nilimpungia mkono nikateremka. Nilimsikia akiniita kwa jina langu lote, mara mbili, kisha theluji ikamfunika. Nikapita kati ya mianzi huku ski zangu zikilia kwenye mawe, wala sikujali.

Nilipokaribia chini nilisikia kelele. Pale ubavuni mwa mgahawa wa baba, gari la kusafishia njia lilikuwa limesukuma theluji ikawa tuta refu kuliko mtu. Juu ya tuta vijana sita wa kijiji walikuwa wamemshika Kaname mikono na miguu, Gonta akiwa kiongozi. Pembeni, Bi Murakoshi, mama yake Masumi, alikuwa akigawa uji mtamu wa mchele kama afanyavyo kila siku ya ufunguzi, na watu walikuwa wameshika vikombe vyao wakicheka.

"Shemeji, leo hutoki mzima hapa!" Gonta alipiga kelele.

"Jamani, mgongo wangu!" Kaname alikuwa anacheka.

"Mgongo utaufanyia nini? Umekuja kutuibia ua letu, halafu unataka mgongo?"

"Mshusheni kidogo, anatetemeka huyu!"

"Anatetemeka ndoa, siyo baridi. Haya, moja!"

Niseme ukweli jinsi nilivyohisi. Macho yalijaa machozi ya raha mpaka miwani ikaingia ukungu. Miaka minne ya kujificha nyuma ya ghala la kuni, ya kupokea simu chooni, ya kumwona akiondoka Jumapili jioni huku mimi nikijifanya nafuta meza, yote ililipwa pale pale. Amekwenda kwa baba. Baba amekubali. Kijiji kimekubali.

"Mbili! Tatu!"

Walimrusha. Alizama kichwa kwanza, ikabaki buti moja ikipunga hewani, na watu wakashangilia. Nilizivua ski zangu nikakimbia. Nilifika kabla ya mtu yeyote. Nilimshika mkono, nikamtoa, nikaanza kumpangusa theluji mabegani na shingoni, mbele ya macho ya wote, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa akihema. Aliponiona aliacha kucheka.

Nikageuka. Nikavua kofia, nikaweka mikono mbele ya mapaja na kuinama mpaka nywele zikanifunika uso, namna anavyoinama bibi arusi wa hapa.

"Asanteni kwa kumpokea Kaname," nilisema. "Sisi bado ni wachanga. Tunaomba mtuangalie."

Niliendelea kuinama, maana anayeinama hivyo hanyanyuki kabla wakubwa hawajamjibu. Nilisikia mtu mmoja akichekea puani, kisha akakatiza. Nikamsikia Gonta akishuka juu ya tuta.

"Chigusa," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "We, acha utani. Inuka."

Nikainua kichwa. Hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Wote walikuwa wakimtazama Masumi, aliyesimama hatua chache kutoka pale na kikombe cha uji mkononi. Kilikuwa cha kumpa mchumba wake atakapotoka thelujini. Hiyo nayo ni desturi, nami naijua tangu nina miaka mitatu.

Bi Murakoshi aliweka upawa wake chini. Ni mwanamke mwenye adabu, hajawahi kumpandishia mtu sauti.

"Binti wa Onozuka," aliniambia, "umesimama mahali pa mwanangu."

Nilimgeukia Kaname. Angeweza kunyamaza. Angeweza kujifanya ana theluji masikioni. Yeye alisogea, hatua moja, kutoka kwangu kwenda kwao, akajipangusa mahali nilipokuwa nimemshika.

"Huyu ana utani sana, mama," alimwambia Bi Murakoshi. "Tumezoeana kwenye soba. Kila mwaka lazima aniaibishe."

Watu wakacheka. Walikuwa wakitafuta mahali pa kutolea pumzi na yeye amewapa, basi wakacheka kwa nguvu, hata waliojua kwamba si utani. Na mimi nikacheka. Nilicheka pamoja nao huku nikizipangusa glavu zangu, nikasema, "Mmeogopa, eeh?" Nilipomtafuta baba kwa macho nilimwona mlangoni pa mgahawa, ameshika taulo. Aliyashusha macho yake kwenye glavu zangu nyekundu, akaingia ndani. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alijua, na kwamba glavu zile zilikuwa pole aliyoshindwa kuitamka.

Sikumbuki nilivyofunga ski zangu. Nakumbuka nilitaka kwenda juu, mahali popote pasipo na watu, na njia ya kwenda juu ni viti. Nilikaa kwenye kiti peke yangu. Kabla hakijaondoka mtu akajitupa ubavuni mwangu.

"Tabasamu," alisema Kaname. "Watu wanatazama."

Tulipanda mpaka theluji ikatufunga pande zote na kijiji kikapotea. Upepo ukaanza kutusukasuka. Kisha mashine ikazimwa, maana upepo ukizidi Gonta huzima, na tukabaki tunaning'inia juu ya miti. Upepo ulipotulia palikuwa kimya kabisa.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Chigusa, si hapa."

"Tupo hewani, Kaname. Unataka wapi?"

Alikwangua barafu kwenye goti lake. "Tangu Oktoba."

"Oktoba ulinisaidia kuanika figili za baba."

"Ndiyo."

"Asubuhi figili, jioni Masumi."

"Usiongee hivyo. Hakuna mtu aliyenitongoza wala niliyemtongoza. Mama yake aliniita, akanikalisha, akanieleza. Wanataka mwanaume wa kuingia kwao. Achukue jina lao, ashike hoteli, basi." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa yale yale niliyoyajua. "Mimi ni mtoto wa tatu. Nyumba ya baba ni ya kaka yangu. Mashamba ni ya kaka yangu. Hata kaburi la ukoo ni lake, mimi nikifa sina pa kuzikwa. Unajua kuishi hivyo kulivyo?"

"Ungezikwa kwetu."

"Kwenu una kaka wawili. Baba yako angenipa nini, mwiko wa supu?"

Maneno hayo aliyasema bila hasira, kama mtu anayesoma bei dukani. Nadhani ndiyo maana yaliniingia vile.

"Uliniahidi utakwenda kwake."

"Nilikuwa nimekusudia."

"Wiki iliyopita nililiona gari lako. Nikadhani umekwenda kwake. Nimetembea siku zote hizi na furaha kifuani, Kaname. Nimemwimbia hata paka."

"Nilikuwa kwa kina Murakoshi. Tulikuwa tunapanga siku."

"Na uliwaachia wakutupe mbele yangu."

"Masumi ndiye aliyemwambia Gonta. Sikujua kama ni leo."

"Ulipomwambia yule mama kwamba tumezoeana kwenye soba, uliuona uso wangu?"

"Ungetaka niseme nini?"

"Ungenyamaza. Hata hicho tu ungenipa."

Nilianza kulia. Sikutaka, lakini machozi hayaombi ruhusa, na kwenye baridi ile yalichoma mashavu. Kaname akanivua glavu moja. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaupeleka mdomoni na kuupulizia pumzi za moto, kidole kimoja kimoja, namna alivyokuwa akifanya nyuma ya ghala la kuni. Nilipaswa kumnyang'anya mkono wangu. Sikumnyang'anya. Mwili una ujinga wake, na wangu ulikuwa haujapata habari.

"Nisikilize," alisema. "Masumi ni wa nyumba. Wewe ni wa moyo wangu. Hakuna kitakachobadilika. Tena sasa nitakuwa hapa hapa kijijini kila siku, siyo wikendi tu. Hebu fikiri vizuri, ni afadhali kuliko zamani."

"Yaani nishukuru?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema ni afadhali."

"Nimesema sitaki kukupoteza. Kuna ubaya gani hapo? Nakupenda wewe, Chigusa. Yule sijawahi hata kumshika mkono."

Akaubusu mkono wangu. Ni wakati huo huo mashine iliponguruma na kiti kikaruka mbele, meno yake yakanigonga kwenye kifundo.

Tulifika juu tukajisogeza pembeni. Nilikuwa navaa glavu yangu kiti cha nyuma kilipofika, na aliyeshuka humo, mgongo umenyooka kama yuko sebuleni kwao, alikuwa Masumi. Alikuwa peke yake. Aliteleza taratibu mpaka alipotufikia, akainua miwani yake juu ya kofia.

"Mashine ikizimwa," alisema, "kiti cha nyuma kinasikia kila kitu. Mtu aliyezaliwa hapa angejua."

Kaname akafungua mdomo.

"Wewe ngoja," Masumi alimwambia bila kumtazama. Alinitazama mimi. "Nilitaka watu wamtupe leo ili ujue leo. Sikujua kama utainama. Hilo la kuinama lilinisikitisha, Chigusa. Kweli."

"Ungeniambia kwa mdomo."

"Ungenibishia. Ungekwenda kumuuliza yeye, naye angekudanganya mpaka masika. Unamjua."

Na kweli, nilimjua.

"Unampenda?" niliuliza.

Masumi alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa kama kuna chumba.

"Mimi nina hoteli," alisema mwishowe. "Baba hawezi tena kupanda juu ya paa kuondoa theluji. Mama anataka kijana mwenye afya, asiye mrithi kwao, anayejua kuongea na wageni. Huyu anafaa. Basi, hayo mengine aliyokuambia pale kwenye kiti, ninayajua. Mama pia anayajua. Hatuna shida nayo."

"Hamna shida nayo?"

"Jumatano hatupokei wageni. Mimi na mama tunakwenda mjini kufanya manunuzi, tunarudi jioni. Mkitaka kuonana, iwe Jumatano. Gari la hoteli msilitumie, lina jina letu ubavuni." Alisita kidogo, akarekebisha fimbo zake. "Na usizae naye. Mtoto wake ni wa nyumba yetu. Hilo tu ndilo ninaloomba."

Nilihisi baridi ikiniingia mpaka kwenye fizi. "Masumi, una wazimu? Huyu ni mwanaume. Siyo koleo la theluji la kuazimana."

"Koleo nisingekuazima," alisema Masumi. "Tunalihitaji kila siku."

Hakuwa anatania. Nikamtazama Kaname. Nilimsubiri akasirike. Nilitaka atukane, apige fimbo chini, atuambie sote wawili twende zetu, aseme yeye si mzigo wa kupangiwa siku. Ningemsamehe mengi kwa hasira hiyo. Alikuwa amevua miwani yake anaifuta kwa kidole gumba, taratibu, upande wa kulia na upande wa kushoto.

"Kaname," nilisema.

"Upepo unaongezeka," alijibu. "Masumi, tushuke. Mama atakuwa anasubiri."

Na walishuka. Masumi alitangulia, yeye akamfuata kwenye alama za ski zake, na katika kona ya kwanza theluji iliwameza wote wawili.

Nilibaki pale juu. Niliwatukana kwa matusi yote ninayoyajua, kisha nikayarudia. Nilimtukana yule mama na uji wake. Nilijitukana mwenyewe kwa kucheka pale chini, kwa sababu kile kicheko ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Halafu nikaapa. Niliapa kwa sauti, peke yangu, kwamba sitamwona tena, kwamba akipita njia hii nitapita ile, kwamba akija mgahawani atahudumiwa na kaka zangu. Nilitaka msamaha wa Ritsu, nilitaka kulala, nilitaka msimu uishe siku hiyo hiyo ulipoanza. Nilipoanza kuteremka nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijiona nimepona.

Ritsu alikuwa akinisubiri chini, midomo imembadilika rangi kwa baridi. Alinikumbatia bila kuuliza.

"Nilijaribu," alisema.

"Najua."

"Ningekuvuta nywele pale juu. Ningekuangusha."

"Sijui kama ningesikia."

"Twende kwangu. Lala kwangu wiki nzima. Akipiga, simu yako tunaitupa mtoni."

"Ngoja nimwone baba kwanza."

Mgahawa ulikuwa umejaa watu wa mchana, madirisha yamelowa kwa mvuke. Walioniona waliinamisha vichwa kwenye bakuli zao. Wengine walijitahidi kuongea juu ya upepo. Nilipita kati yao mpaka jikoni. Baba alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, mbele yake bakuli chafu zimerundikana. Nikavua koti na kusimama ubavuni mwake, nikachukua sifongo.

"Umekula?" aliuliza.

"Sina njaa."

"Utakula baadaye."

"Ndiyo, baba."

"Yule si mtu," alisema. Alisema akiitazama bakuli, akaisuuza mara ya pili ingawa ilikuwa imetakata. "Nilitaka kukuambia. Kila nikianza, unaingia unaimba."

"Yamekwisha, baba. Nimeshayamaliza kule juu."

"Kweli?"

"Kweli."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sijui aliona nini, lakini mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua gunia. Alijifuta mikono, akachukua chaki na kusogea kwenye ubao wa zamu ulio nyuma ya mlango, ambao kila mwaka huandikwa siku ya ufunguzi. Kaka zangu walikuwa wameshachagua siku zao.

"Msimu ni mrefu," alisema. "Sitaki ujichoshe mwaka huu. Jumamosi na Jumapili siwezi kukuachia, unajua. Lakini katikati ya wiki chagua siku yoyote upumzike. Uwe nayo mpaka theluji iishe, nisikuulize unakwenda wapi. Umestahili."

Ritsu alikuwa amesimama mlangoni na koti langu mkononi. Povu lilikuwa limenifika kwenye viwiko. Nilifungua mdomo nikiwa sijui nitasema nini, naapa sikujua, na neno likatoka lenyewe, laini, bila hata kutetemeka.

"Jumatano."

Baba akaliandika.

"Vizuri," alisema. "Jumatano hakuna watu. Utapumzika vizuri, mwanangu."